Nyuzi elfu sita bila tanuri: sayansi ya joto kali ilivyofika Eldoret

Maada ikifikia joto la maelfu ya nyuzi na mgandamizo wa mamilioni ya angahewa, hakuna chombo cha kawaida kinachoweza kuihifadhi. Chombo chenyewe huyeyuka kabla ya kile kinachochunguzwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kinachojulikana leo kuhusu chuma kilicho katikati ya Dunia, maji yaliyo ndani ya sayari za Uranus na Neptune, au gesi iliyo ndani ya nyota imepatikana kwa hesabu. Atomu chache huwekwa ndani ya kompyuta kuu, hupewa kanuni za fizikia ya kwanta, kisha huachwa zisukumane zenyewe huku mtafiti akisoma joto, mgandamizo na umbo linalojitokeza. Njia hii huitwa uigaji.

Eldoret ina nafasi yake katika historia hiyo, ingawa ni wakazi wachache wanaoijua. Mtaa wa Elgon View, kusini mwa katikati ya mji, ulipewa jina la mlima unaoonekana upande wa magharibi anga likiwa safi. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika. Lava inayojenga milima ya aina hiyo hutoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi elfu moja na ushei za Selsiasi, nalo ni joto dogo likilinganishwa na la kiini cha Dunia, kilomita zaidi ya 5,000 chini ya nyumba za kifahari za mtaa huo na kuta zao ndefu. Kwenye kampasi ya Chepkoilel, kaskazini mwa mji katika barabara ya Ziwa, kuna kikundi cha wanafizikia kilichoanza kufanya hesabu za aina hii wakati chuo chao hakikuwa hata na jina lake la sasa. Agosti 2024 Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, fahari zake zilijulikana kwa kila mtu: wanariadha, mahindi na ngano, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Fizikia haikuwemo.

Mwanzo wa uigaji ni wa kijeshi. Katika maabara ya Los Alamos, Marekani, waliotengeneza bomu la atomiki walihitaji kujua maada hufanyaje katika joto ambalo hakuna aliyewahi kulipima. Mwaka 1953 Nicholas Metropolis, Arianna na Marshall Rosenbluth, na Augusta na Edward Teller walichapisha njia ya kukadiria tabia ya maada kwa kutumia bahati nasibu. Waliipitisha kwenye kompyuta iitwayo MANIAC, wakiwa na chembe 224 tu za kubuni. Arianna Rosenbluth ndiye aliyeandika programu yenyewe. Miaka minne baadaye, katika maabara ya Livermore, Berni Alder na Thomas Wainwright walionyesha kwamba vitufe vigumu vinavyogongana ndani ya kompyuta vinaweza kuganda vikawa yabisi. Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mwanafizikia mzaliwa wa India aliyefanya kazi Argonne, aliiga atomu 864 za agoni katika hali ya kimiminika.

Chembe hizo zote zilikuwa na kasoro moja. Jinsi zilivyovutana na kusukumana iliamuliwa na mtafiti mwenyewe kabla ya kuanza. Katika joto la kawaida hilo si tatizo kubwa, kwa sababu maabara inaweza kumsahihisha. Katika joto la nyuzi elfu sita hakuna wa kumsahihisha. Kilichohitajika ni hesabu inayoanza na elektroni zenyewe, bila kukisia.

Msingi wake uliwekwa kati ya mwaka 1964 na 1965. Walter Kohn, akishirikiana kwanza na Pierre Hohenberg na kisha Lu Jeu Sham, alithibitisha kwamba nishati ya kundi la elektroni inaweza kupatikana kutokana na msongamano wake tu, bila kufuatilia kila elektroni peke yake. David Mermin aliiongezea nadharia hiyo joto, na nyongeza hiyo ndiyo inayowaruhusu watafiti wa leo kuhesabu maada inayochemka. Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998, akiigawana na John Pople. Mwaka 1983 O. H. Nielsen na Richard Martin wakaonyesha jinsi ya kupata mgandamizo ndani ya maada moja kwa moja kutokana na hesabu za kwanta. Jina la Martin, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, litarudi Eldoret.

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilipigwa Trieste, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Italia, mwaka 1985. Roberto Car na Michele Parrinello walipata hila ya kihesabu: badala ya kutatua upya mlinganyo wa elektroni kila mara atomu zinaposogea, elektroni zilipewa uzito wa kubuni zikasogea sambamba na atomu. Kazi iliyokuwa haiwezekani ikawezekana kwa mashine za wakati ule. Mwaka 2025 makala waliyoitangazia hila hiyo ilitimiza miaka 40, na hakuna hesabu ya maada ya joto kali inayofanywa leo ambayo haina deni kwayo, hata pale inapotumia njia nyingine.

Si ajabu kwamba barabara ya kuja Afrika Mashariki ilipitia mji huo huo. Trieste ndiko Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alikoanzisha mwaka 1964 kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Salam, aliyepata Nobel mwaka 1979, alikuwa na hoja rahisi. Mwanasayansi wa nchi maskini hukwama kwa upweke kuliko kwa ukosefu wa akili, kwa hiyo apewe mahali pa kwenda kwa miezi michache, akutane na wenzake, kisha arudi kwao. Wanafizikia wengi wa Kenya wamepitia milango ya kituo hicho.

Kabla ya kufika Kenya, hata hivyo, inafaa kusimulia ugomvi uliozifanya hesabu hizi ziheshimiwe. Ulihusu swali ambalo mtoto anaweza kuuliza: katikati ya Dunia pana joto kiasi gani?

Jibu linategemea chuma. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark alitambua, kwa kusoma mawimbi ya mitetemeko ya ardhi, kwamba ndani ya kiini cha kimiminika kuna kiini kingine kilicho imara. Viini vyote viwili ni chuma kwa sehemu kubwa. Mahali vinapokutana, kilomita 5,150 chini ya ardhi, chuma kigumu hugusana na chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo joto la hapo haliwezi kuwa mbali na joto la kuyeyukia chuma chini ya mgandamizo wa mahali hapo, ambao ni angahewa zaidi ya milioni tatu. Anayejua chuma huyeyuka kwa nyuzi ngapi chini ya mgandamizo huo anajua pia joto la moyo wa Dunia. Kutokana na joto hilo hupatikana nguvu inayozungusha chuma cha kimiminika na kuunda usumaku unaoikinga Dunia na upepo wa jua.

Mwaka 1987 kikundi cha Quentin Williams na Raymond Jeanloz huko California kilibana chuma kati ya ncha mbili za almasi, kikakipasha joto kwa leza, na kikaunganisha matokeo hayo na ya milipuko ya kushtukiza. Walisema chuma huyeyuka kwa kelvini 7,600 kwenye mpaka huo, wakikiri wanaweza kukosea kwa kelvini 500 kila upande. Mwaka 1993 Reinhard Boehler wa Mainz, Ujerumani, akitumia almasi na leza vilevile, alipata takriban 4,850. Tofauti ya kelvini karibu 2,800 si ya kupuuzwa. Ni kubwa kuliko joto zima linaloyeyusha chuma juu ya ardhi.

Kila upande ulikuwa na sababu za kushuku mwingine. Sampuli kati ya almasi ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Joto lake husomwa kwa rangi ya mwanga inaoutoa, na kuyeyuka kwenyewe kulitambuliwa kwa macho: uso wa sampuli ulipoanza kutetereka chini ya mwanga wa leza, mtafiti alisema chuma kimeyeyuka. Wa milipuko nao walikuwa na sehemu chache tu za milioni ya sekunde kupima kila kitu kabla sampuli haijasambaratika. Mabishano yaliendelea kwenye majarida na mikutano kwa miaka mingi, na mwanajiolojia aliyetaka tarakimu moja ya kuandika kitabuni alilazimika kuchagua kambi.

Hapo ndipo kompyuta kuu zilipoingia. Mwaka 1999 Dario Alfè, aliyesomea uzamifu Trieste kabla ya kuhamia London, alitangaza pamoja na Michael Gillan na David Price matokeo yaliyoanzia kwenye elektroni: karibu kelvini 6,700. Waliiga makumi ya atomu za chuma tu, wakalinganisha nishati huru ya chuma kigumu na ya chuma kilichoyeyuka hadi mizani ya pande zote mbili ilipolingana. Mwaka uliofuata kikundi cha Trieste, kikiwemo Alessandro Laio, Sandro Scandolo na Erio Tosatti, kilichapisha jibu lake katika jarida la Science: kelvini 5,400. Anatoly Belonoshko na wenzake huko Sweden wakaja na jibu la juu zaidi, karibu 7,100. Maabara zilikuwa zimegawanyika, na sasa kompyuta nazo zikagawanyika.

Waliocheka hawakukosa, na kicheko kilikuwa na msingi. Kama hesabu safi inaweza kutoa majibu matatu, usafi wake uko wapi? Lakini ugomvi wa kompyuta una sifa moja ambayo ugomvi wa maabara hauna. Hesabu huweza kufunguliwa na kukaguliwa mstari kwa mstari. Alfè na wenzake walifanya hivyo mwaka 2002. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti haikutokana na fizikia ya kwanta yenyewe bali na njia za mkato. Kwa sababu kuhesabu elektroni kwa maelfu ya atomu kulikuwa ghali mno, baadhi ya vikundi vilitengeneza kanuni nyepesi ya msukumano iliyofanana na ile kamili, wakaitumia hiyo. Kanuni nyepesi na kanuni kamili hazikubaliani sawasawa kuhusu yabisi na kimiminika, na kosa dogo la nishati linazaa kosa la mamia ya kelvini. Tofauti hiyo ikisahihishwa, majibu yanakaribiana. London ilishusha jibu lake hadi kelvini 6,350.

Uamuzi ulikuja kutoka nje mwaka 2013. Simone Anzellini na wenzake walitumia eksirei kali za kituo cha Grenoble, Ufaransa, kutazama mpangilio wa atomu badala ya uso wa sampuli. Waliona kwamba kabla chuma hakijayeyuka, fuwele zake huanza kujipanga upya kwa kasi, na uso wa sampuli huonekana ukitetereka ingawa chuma bado ni kigumu. Kilichochukuliwa miaka 20 kuwa kuyeyuka kilikuwa hicho. Walipofuatisha vipimo vyao hadi kwenye mpaka wa kiini walipata kelvini 6,230, na shaka ya 500 juu au chini. Hesabu ya London ilikuwa imesimama ndani ya mipaka hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, ikisubiri maabara ifike.

Scandolo aliangukia upande wa chini katika suala la chuma, lakini katika suala la maji alikuwa amekwisha kupatia. Mwaka 1999 yeye, Carlo Cavazzoni, Tosatti, Parrinello na wengine waliiga maji na amonia katika hali ya ndani ya sayari kubwa, makumi machache ya molekuli kwa kila hesabu. Juu ya kelvini 2,000 hivi, chini ya mgandamizo mkubwa, maji yalifanya jambo lisilotarajiwa na asiyeijua kwanta. Oksijeni zilibaki mahali pake katika mpangilio wa yabisi, ilhali haidrojeni zilizunguka huru kati yake, kama makanga anayepenya katikati ya abiria waliokaa. Barafu hiyo ni ngumu na wakati huo huo hupitisha umeme. Wazo la jumla lilikuwa limetajwa mwaka 1988 na Pierfranco Demontis na wenzake kwa kanuni za kukisia. Hesabu ya Trieste ililipatia msingi wa elektroni. Ilichukua karibu miaka 20 kwa Marius Millot na wenzake wa Livermore kuithibitisha kwa leza za maabara ya Rochester, Marekani, mwaka 2018 na 2019.

Kwa ukamilifu, kuna joto la juu zaidi ambalo hesabu za elektroni hazina nafasi ndani yake. Juu ya kelvini trilioni mbili hivi, viini vya atomu huvunjika vikawa mchanganyiko wa kwaki na gluoni, hali iliyokuwepo katika sehemu chache za kwanza za milioni ya sekunde tangu ulimwengu uanze. Hesabu zake hufanywa kwa kugawa nafasi na wakati kuwa vitone vya gridi, kwa njia iliyoasisiwa na Kenneth Wilson mwaka 1974. Mwaka 2012 watafiti wa maabara ya fizikia ya CERN walitangaza kwamba wamefikia takriban nyuzi trilioni 5.5 katika migongano yao.

Mwaka huo huo wa 2012 ndio Eldoret ilipoingia kwenye ramani.

Kampasi ya Chepkoilel haikujengwa kwa ajili ya fizikia. Ilianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza walowezi wa Kizungu kilimo cha mashamba makubwa. Mwaka 1984, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa, ikafanywa chuo cha ualimu wa sayansi. Mwaka 1990, vyuo vikuu vilipofurika wanafunzi, Moi iliichukua na kuhamishia huko masomo ya sayansi asilia. Agosti 2010 ikawa chuo kikuu kishiriki, na Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akaikabidhi hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret.

Katika idara ya fizikia ya kampasi hiyo, George Amolo na Nicholas Makau waliojenga kikundi cha hesabu za maada walikuwa na uhusiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Makau alikuwa amechunguza jinsi oksijeni inavyoshikamana na nyuso za almasi, kazi ya maabara yenye vyombo vya gharama. Kikundi cha Eldoret hakingeweza kununua vyombo hivyo. Kingeweza kuhesabu. Chaguo hilo lilikuwa la lazima kwa kiasi na la busara kwa kiasi. Vyuo vingi vya Afrika vimetumia miongo vikisubiri mashine za maabara ambazo zikifika hukosa vipuri. Hesabu huhitaji kompyuta ya kawaida, programu na mtu anayejua anachofanya.

Programu zilipatikana bure. Kundi la Trieste, wakiwemo Stefano Baroni, Paolo Giannozzi na Stefano de Gironcoli, lilikuwa limeunganisha programu zake na kuzitoa kwa umma kwa jina Quantum ESPRESSO, na makala yake ya mwaka 2009 imekuwa miongoni mwa zinazotajwa zaidi katika fizikia. Mwaka huo wa 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na kupitia mtandao wa vyuo wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, mwanafunzi wa Chepkoilel aliweza kutuma kazi mahali palipo na mashine. Mahali penyewe palikuwa Cape Town, zaidi ya kilomita elfu nne kutoka Eldoret, ambako Afrika Kusini ilifungua kituo chake cha kompyuta kuu mwaka 2007.

Kazi ya mwanafunzi kwa ukaribu haina mvuto wa filamu. Huandika faili fupi la maandishi. Ndani yake mna aina ya kila atomu na mahali ilipo, ukubwa wa kisanduku, joto linalotakiwa, na hatua ya muda, ambayo kwa kawaida haizidi femtosekunde moja hivi, yaani sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Hatua elfu kumi ni kazi ya siku kadhaa kwa mashine, na bado zinafikia pikosekunde kumi tu. Atomu zikizidishwa mara mbili, kazi huongezeka karibu mara nane, kwa hiyo kila anayeanza hujifunza ubahili. Faili hutumwa Cape Town na kupangwa foleni. Intaneti ikikatika haidhuru kitu, kazi inaendelea huko. Anayetegemea kompyuta iliyo chini ya meza yake hapa nyumbani hana bahati hiyo. Usiku mmoja wa Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, hesabu isiyohifadhiwa ilipotea nayo. Faili likirudi, kinachotazamwa kwanza ni kama nishati imetulia au inapanda bila sababu, maana inayopanda ni dalili kwamba hatua ya muda ilikuwa ndefu mno na maada yote ya kwenye kisanduku imelipuka kwa kosa la tarakimu.

Ustadi huo haupatikani vitabuni peke yake, na hapo ndipo Richard Martin anaporudi. Kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu muundo wa elektroni kilikuwa kimekwisha kuwa msahafu wa fani. Pamoja na Nithaya Chetty wa Afrika Kusini, Scandolo wa Trieste, Daniel Joubert wa Witwatersrand na wengine, alianzisha shule ya Afrika ya nadharia hii, iitwayo kwa kifupi ASESMA, ya kufanyika kila baada ya miaka miwili hivi kwa muongo mzima. Joubert mwenyewe aliandika na Georg Kresse, mwaka 1999, moja ya makala zinazotajwa zaidi katika fizikia yote ya karne iliyopita, na hatua yake ya hesabu imo ndani ya programu zinazotumiwa kila mahali. Kikao cha kwanza kilifanyika Cape Town mwaka 2010. Cha pili, mwaka 2012, kilifanyika Chepkoilel.

Uzito wa jambo hilo haujapata kusemwa mjini Eldoret. Kikao hicho kilikuwa na umbo tofauti na mikutano ya kawaida ya siku mbili yenye picha ya pamoja na chakula cha hoteli. Ilikuwa shule ya karibu majuma mawili, asubuhi mihadhara na mchana kompyuta, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika wakigawanywa kwa vikundi, kila kikundi na mradi wake na mwalimu wake. Makala ya mwaka 2018 iliyoandikwa na Amolo, Chetty, Ali Hassanali, Joubert, Martin na Scandolo inaweka msisitizo wake kwenye watu: washiriki wa kikao kimoja wanarudi kwenye kinachofuata wakiwa walimu. Kwa mtazamo wao mashine ni jambo la pili, na ni vigumu kuwapinga. Mashine za Cape Town zimebadilishwa mara kadhaa. Watu waliofundishwa wangali wanafundisha. Hata hivyo msisitizo huo unaifunika hali moja. Watu waliofundishwa Eldoret wanaomba muda wa mashine kwa serikali ya nchi nyingine, na wanaupata kwa hisani.

Kwa upande wa mashine, Cape Town ilizindua mwaka 2016 kompyuta yake Lengau, jina lenye maana ya duma kwa Kitswana, yenye uwezo wa petaflopu moja, yaani hesabu milioni bilioni kwa sekunde. Kabla ya hapo, kompyuta ya Ranger ya Texas ilipostaafishwa mwaka 2013, makabati yake yaligawanywa na baadhi kusafirishwa hadi kusini mwa Afrika. Kenya haijajenga mashine ya kiwango cha Lengau, ijapokuwa imeweza kujenga mambo mengi ya gharama kubwa zaidi katika kipindi hicho.

Shule yenyewe iliendelea bila Eldoret: Johannesburg mwaka 2015, Accra mwaka 2016, Addis Ababa mwaka 2018, na Kigali mwaka 2023. Rwanda ilipata pia taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki inayoshirikiana na kituo cha Trieste, iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018. Amolo alihamia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, Nairobi, na vikundi vya aina hiyo vikaota pia Kakamega, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Watafiti hao huchunguza zaidi nyenzo ngumu, za seli za jua na za kubadili joto kuwa umeme, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa kwenye joto na mgandamizo wa juu kwa sababu nyenzo nyingi ngumu huundwa hivyo.

Katika miaka ya karibuni njia imebadilika tena. Mwaka 2007 Jörg Behler na Parrinello walionyesha kwamba mtandao wa neva wa kompyuta unaweza kufunzwa kwa hesabu chache kamili za elektroni, kisha ukatabiri nyingine kwa gharama ndogo. Mkato uliozua ugomvi wa chuma umerudi, safari hii ukiwa na ukaguzi wa makosa ndani yake, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiga maelfu ya atomu ambazo Alfè hakuzithubutu mwaka 1999. Huko Livermore, ambako Alder alianza na vitufe, leza za maabara ya NIF zilitoa Desemba 2022 nishati ya muungano wa viini iliyozidi ile leza zilizoingiza kwenye shabaha, megajuli 3.15 kwa 2.05, baada ya miaka ya kuiga kila risasi kwenye kompyuta kabla ya kuifyatua. Chepkoilel bado ni kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Eldoret, na fizikia ingali inafundishwa huko hadi kiwango cha uzamifu.